Wimbo Uliobaki Nje ya Ukumbi

Siku yangu ya kwanza kazini, Chef-opérateur hakunionyesha mashine. Aliniomba mikono. Nilidhani anataka kunisalimia, nikampa mmoja. Akaugeuza, akaunusa, akausukuma kando.

"Ulikula nini leo?"

"Bugali na sombe, Chef."

"Enda unawe na savoni, kisha urudi unawe tena. Filamu hainaka shida na njaa yako, iko na shida na mafuta yako. Kidole yako ikigusa mustari wa sauti, watu bote ba Butembo batasikia vile ulikula."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya sinema, nikiwa na mikono mikavu na aibu kidogo. Ukumbi wetu ulikuwa wa mfanyabiashara mmoja wa kahawa. Alikuwa na kumbi mbili, wetu wa Butembo na mwingine wa Beni, na filamu zilikuwa zikienda na kurudi kati ya miji hiyo miwili juu ya malori ya mizigo, zimelala katikati ya magunia ya chumvi. Kwetu tulikuwa watatu: Gérant, ambaye alikaa mlangoni na kujua kila uso, Chef-opérateur, mkuu wa projekta, na mimi, msaidizi wake.

Vijana wa leo wana filamu mfukoni, kwa hiyo nieleze. Filamu yetu ilikuwa utepe mrefu wa plastiki, umezungushwa kwenye gurudumu tuliloliita bobini. Upande mmoja wa utepe kulikuwa na matundu, ambayo meno ya projekta yaliyashika na kuivuta filamu. Upande wa pili kulikuwa na mstari mwembamba unaopanda na kushuka. Huo mstari ndio sauti. Ndani ya projekta kuna taa ndogo, mbali na ile kubwa ya picha, na kazi yake ni kuumulika mstari huo tu. Tuliiita taa ya sauti. Nilipoelezwa mara ya kwanza kwamba sauti inaweza kuonekana kwa macho, nilifikiri Chef ananichezea.

Filamu zilizopendwa kuliko zote zilikuwa za Kihindi. Zilitufikia kutoka Uganda, zimekwisha kuonyeshwa kila mahali, zimechoka. Hakuna aliyejua lugha ile, lakini kina mama walilia pale panapostahili kilio, na sikuwahi kuona wakikosea. Shida ilikuwa moja: filamu ya Kihindi ilikuwa ndefu kuliko mafuta ya jenereta yetu. Na watu wa milimani walitaka kurudi makwao kabla giza halijaingia. Basi Chef alikuwa akikata nyimbo mbili tatu kutoka ndani ya filamu ili hadithi ifike mwisho mapema.

Nyimbo hizo hazikutupwa. Tuliziunganisha pamoja kwenye bobini nyingine, tukaiita bobini ya kuita. Juu ya mlango wa ukumbi kulikuwa na spika la bati, mdomo wake umeelekea barabara ya soko. Kabla ya onyesho tuliizima taa ya picha, tukawasha ile ya sauti peke yake, na wimbo ukatoka nje kuwaita watu. Kila filamu ilikuwa na wimbo wake wa kuita. Mtu aliyekuwa anapanda kutoka sokoni na mzigo kichwani hakuhitaji kusoma ubao. Alisikia wimbo, akajua leo inaonyeshwa filamu gani, akaamua kama atapitia au ataenda zake.

Chef alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuichezea. Kabla filamu haijapakiwa kwenda Beni, kila wimbo ulirudishwa mahali pake. Mimi ndiye niliyekwangua ncha, nikapaka gundi, nikabana kwa kifaa cha kuungia, nikahesabu pumzi hadi ishike.

"Kopi inatoka hapa muzima," alikuwa akisema. "Kule Beni bakiikata na kuisahau, iko mambo yabo. Mais hapa kwetu, hapana."

Miaka michache baadaye nilipeleka suruali yangu kushonwa kwa mama mmoja jirani ya ukumbi, na nikamkuta mpwa wake aliyetoka Beni kujifunza cherehani. Jina lake Kahindo. Alikuwa akikanyaga mashine na kuimba taratibu wimbo wa Kihindi ambao sikuujua, nami nilijiona bingwa wa nyimbo hizo.

"Hiyo wimbo iko ya filamu gani?" nilimuuliza.

"Ya bale bandugu bawili benye kupotezana ku mafuriko."

"Ile filamu mwenye kuionyesha ni miye. Haina hiyo wimbo."

Hakuinua kichwa. "Basi uko naionyesha na macho ya kufunga."

Suruali ile ilichanika mara nyingi sana mwezi huo. Kila nilipoirudisha alinisimulia zaidi: mwanamke wa sari ya njano anafua nguo mtoni jioni, maji yanachukua kitambaa kimoja, naye anaimba akikitazama kinavyokwenda. Alieleza vizuri hivi kwamba nilirudi kazini nikaitazama filamu ya mafuriko yote, bobini baada ya bobini. Mto ulikuwapo, sari ya njano haikuwapo. Hata njano haikuwapo, filamu yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kitu pekee cha ajabu kilikuwa mruko mmoja: mama wa wale ndugu amekaa mlangoni mchana kweupe, na papo hapo ni usiku. Kila onyesho watazamaji walipiga miluzi hapo. Nilidhani ni ubovu wa kiwandani. Nilimwoa Kahindo pamoja na wimbo wake usiokuwapo, na mtoto wetu wa kwanza, Masika, alipozaliwa, mke wangu akawa Mama Masika, nami Baba Masika.

Video zilipoingia mjini, ukumbi ulikufa. Gérant alifunga mlango, jengo likawa depo ya saruji, na mimi nikaruhusiwa kuchukua projekta na spika la bati kwa sababu hakuna mwingine aliyevitaka. Nilipata kazi ya fundi katika redio moja huko Beni, chini ya Directeur des programmes, mkuu wa vipindi, mtu aliyevaa tai hata siku ambazo studio ilikuwa moto kama jiko. Jumapili moja mtangazaji alishindwa kufika, na Directeur akaniangalia mimi.

"Monsieur Kambale, uko na kitu cha kuweka?"

Nilikuwa na kaseti za nyimbo za zamani za Kihindi. Niliziweka, na simu za wasikilizaji hazikunyamaza. Kuanzia siku hiyo nilipewa saa yangu ya Jumapili mchana, na kazi yangu ikawa kutafuta nyimbo zilizosahaulika.

Kazi hiyo ina namna yake. Mtu akipiga simu anakuimbia vipande viwili, tena vibaya. Usimuulize maneno, kwa sababu maneno alijitungia. Muulize ni chombo gani kinajibu sauti ikinyamaza: ni filimbi, ni kinanda, ni fidla nyingi? Hapo hakosei. Kisha unatafuta nani aliishi karibu na ukumbi miaka ile, nani alikuwa dereva wa lori la mpakani, nani alirithi kaseti za mjomba. Nimepata wimbo ndani ya kaseti ya mahubiri, baada ya pasta kunyamaza. Nimepata mwingine katika mji wa Oicha, kwaya imeshauchukua na kuutilia maneno ya Kinande, wakaapa kwamba uliteremka kwao kwa maombi. Kaseti nyingine zilifika zimelowa, nikazifungua, nikauanika utepe, nikauhamishia kwenye ganda zima.

"Bengine banachimba zahabu," Directeur alinitania, "weye unachimba nyimbo. Na hata weye hautajirike."

Kila Jumapili nikirudi nyumbani, Kahindo alikuwa amezima redio na kungoja mlangoni.

"Na yangu?"

"Bado."

Nilistaafu nikiwa sijampatia wimbo wake. Directeur alisoma hotuba, wenzangu wakanipa mbuzi, nasi tukarudi Butembo kwenye nyumba yetu ya mtaa wa Mususa. Kahindo alifungua duka dogo kando ya barabara: maharagwe, chumvi, sabuni. Aliupenda ufunguo wa duka lile kuliko pete yangu. Ulikaa kwenye kamba kiunoni, na aliushika hata akiwa anasali.

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Aliunguza maharagwe, kisha akayaunguza tena. Mteja aliomba chumvi akapewa sabuni. Alimwita mjukuu kwa jina la kaka yake mwenyewe aliyekufa zamani. Masika, binti yetu, anakaa Rughenda, upande wa uwanja wa ndege, na ana moyo wa kuwahi mambo. Alikuja, akatazama jiko, akauchukua ufunguo na kuuvaa shingoni mwake. Alisema Mama ataenda kukaa kwake ili asije akajichoma moto, na duka litafungwa.

"Mama amechanganyikiwa, Baba. Tukubali tu. Hata ile wimbo. Miaka yote anaimba wimbo yenye haiko. Tuliitafuta ku telefone, tukaiimbia telefone, hakuna. Weye njo fundi. Iko ama haiko?"

Niliionyesha filamu ile mwenyewe, nikautafuta wimbo miaka yote ya redio.

"Sijaionaka," nilisema.

Kahindo alikuwa jikoni na alisikia. Tangu siku hiyo aliacha kuuimba, na nyumba ikawa na ukimya ambao sikuuzoea. Niliogopa. Niseme wazi: niliogopa kwamba ninamwona mke wangu akiondoka taratibu, na kwamba neno langu ndilo lililofungua mlango.

Siku ya kuhamia Rughenda ikapangwa kuwa Jumamosi. Siku chache kabla yake tulikaa uani tukitoa maharagwe kwenye maganda. Nilitaka tu kusikia sauti yake. Nikamwambia anisimulie tena ule mto na ile sari ya njano.

Alicheka kidogo, akaziba mdomo kwa mkono.

"Baba Masika, ile mto sikuionaka. Nilijitengenezea."

"Namna gani?"

"Baba yangu alikuwa shemasi. Kwetu sinema ilikuwa nyumba ya Shetani. Nilikuwaka nauzisha karanga ngambo ya barabara, na beseni yangu. Ndani sikuingiaka hata siku moja. Nilikuwa nasikia wimbo tu, juu ya mulango. Wakiweka ile, watu banasema leo iko mafuriko. Donc miye nakaa pale na karanga, nafunga macho, natia picha yangu."

"Juu ya nini hukuniambia, miaka yote hii?"

"Weye ulikuwa operateri. Ningekuambia kama mwanamke yako hajuwi hata kiti ya sinema?"

Nilisimama, maharagwe yakamwagika uani kote. Aliusikia juu ya mlango, kule Beni. Basi ulikuwa wimbo wa kuita. Chef wa Beni aliukata kutoka kwenye filamu, akaubakiza kwake kwa ajili ya onyesho lijalo, nasi Butembo tukaletewa filamu yenye tundu. Mchana kweupe, papo hapo usiku. Miluzi ile yote ya watazamaji ilikuwa ikinionyesha mahali wimbo ulipotolewa, na mimi nikakilaumu kiwanda.

Chef wa Beni alikwisha kufariki, lakini nilijua alizeekea Oicha kwa binti yake Katungu, na Katungu nilikuwa nikimwona kanisani. Vita vilipoingia Oicha alikimbia pamoja na wengine, akapata chumba hapa hapa Mususa. Nilimkuta anachambua mchele. Nilimuuliza kama baba yake aliacha filamu yoyote.

"Iko kibati moja," alisema, akainama na kukivuta kutoka chini ya kitanda. "Siku ya kukimbia niliacha masufuria, niliacha kuku. Hii nilibeba ku kichwa. Baba alisemaka: hii hapana yangu, iko na filamu yake, siku moja atakuja mwenyewe."

"Uliifunguaka?"

"Hapana. Haikuwa yetu."

Tulipokifungua, harufu kali ya siki ikatupiga. Ndivyo filamu inavyooza: huanza kunuka siki, kisha hujikunja, kisha hukatika ukiigusa. Hii ilikwisha kujikunja. Katungu aliniuliza kama bado ina uhai, nikamwambia sijui, na hiyo ilikuwa kweli kabisa. Alifunika kibati, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Wasingya," nilimwambia, na shukrani hiyo ya kwetu ilionekana ndogo mno.

Jumamosi asubuhi Masika alifika na mfuko mkubwa wa nguo. Aliingia chumbani na mama yake, nami sebuleni nikaendelea kuhangaika na projekta. Filamu ilikuwa imesinyaa, matundu hayakukutana tena na meno. Ningeipitisha njia ya kawaida, ingechanwa yote. Nikakumbuka kazi ya zamani. Wimbo wa kuita hauhitaji picha. Niliiondoa filamu kwenye meno, nikaipitisha juu ya gurudumu la sauti peke yake. Taa ya sauti ilikuwa imekufa, nikaweka balbu ya pikipiki, nikaiunganisha na betri, kwa maana umeme wa mjini ungeijaza sauti mngurumo. Niliomba msamaha kwa Chef wangu, popote alipo, nikanawa mikono kwa sabuni. Kisha nikanawa tena.

Wimbo wa kwanza ulitoka ukiyumba, nao niliujua. Wa pili ukakatika kwenye kiungo, gundi imekauka. Niliunga kwa utepe wa kunata. Chumbani niliwasikia wakikunja nguo. Masika alikuwa akisema kwa upole, "Mama, hii kikwembe tubebe?"

Kisha ikaja filimbi, peke yake, na sauti ya mwanamke nyuma yake.

Sauti ilifika mwisho wa mstari wake, ikapumua. Na kabla haijaanza tena, kabla mimi sijajua itapanda au itashuka, mstari uliofuata ulitoka chumbani. Kahindo aliuimba kwanza. Filamu ikamfuata. Alitokea mlangoni akiimba, macho amefumba, kila silabi mahali pake, na pale mwimbaji alipokawia kidogo yeye pia alikawia. Hayo huwezi kuyatunga. Masika alitoka nyuma yake na kikwembe mkononi, akakaa sakafuni, akalia.

"Mama, iko."

"Nilisemaka iko," Kahindo alijibu, akaendelea kuimba.

Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo ambao alikuwa ameshausahau begani. Masika alivua ufunguo shingoni, akamfungia mama yake kiunoni kwa mkono wake mwenyewe. Nguo zilirudi kwenye sanduku. Sidanganyi mtu: Kahindo bado husahau chumvi, na mimi husahau miwani ikiwa puani. Tumekubaliana Masika awe anapita kuangalia jiko. Lakini hakuna tena anayesema kwamba Mama amechanganyikiwa.

Kabla filamu haijakatika kabisa niliinua kipande chake dirishani na kukitazama kwa lenzi. Alikuwa yule mama wa ndugu wawili, amekaa mlangoni, anapepeta mchele mchana. Anapepeta na kuimba, jua linashuka picha baada ya picha, na mwishoni anawasha taa. Wimbo mzima ni mama anayengoja watoto. Nilimpa Kahindo lenzi. Alitazama muda mrefu.

"Njo hii?"

"Njo hii."

Akanirudishia. "Yangu ilikuwa muzuri kupita."

Nimefanya kazi hii tangu nikiwa kijana, na wanaonijia sasa huniuliza nyimbo za zamani zinapatikana wapi, kana kwamba kuna duka. Nawaambia wasianze na mashine. Waende kwa aliyesikia, wamwulize alikuwa amesimama wapi. Mimi nililala nyumba moja na jibu langu na sikumwuliza hilo, kwa sababu kwangu mtu wa sinema alikuwa yule aliyekaa ndani. Katungu nimemwalika mara mbili kuja kusikiliza kilichokuwa kichwani mwake njia nzima kutoka Oicha, na mara zote mbili amemletea Kahindo karanga.

Wimbo sasa uko kwenye telefoni, umehifadhiwa vizuri. Kahindo hautaki hivyo. Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa na ufunguo uko kiunoni, ananiambia niuchomeke kwenye lile spika la bati, ambalo nimelipigilia juu ya mlango wetu. Mara ya kwanza nilimwekea kiti kizuri sebuleni, karibu na mashine. Alikitazama, akachukua kigoda chake na beseni, akatoka, akavuka barabara.

"Weka," aliniambia kutoka ng'ambo, "mais funga mulango. Miye nitasikilia huku."